Vihisi vya hatari katika nyumba ya Kyeshero: vinaweza kumlinda mama nikiwa mbali?

MbaliNaKivu (Lubumbashi)

Salamu kwenu nyote. Ninafanya kazi Lubumbashi, lakini mama yangu mzazi anaishi Goma, mtaa wa Kyeshero, katika nyumba ambayo ukuta wake wa chini ni mawe ya volkano na sehemu iliyobaki ni mbao. Analala na wajukuu wawili, na yule mdogo hulala kwenye godoro lililotandikwa sakafuni. Wanapika kwa makala (makaa) kwenye babula, yaani jiko la makaa, na siku hizi wana pia jiko dogo la gesi ya chupa. Usiku kuna sentineli langoni. Wanaoufahamu mtaa huo wanajua pia habari ya mazuku, hewa mbaya itokayo ardhini: ng'ambo ya ukuta wa kiwanja chetu kuna bonde dogo ambamo kuku na mbuzi hukutwa wamekufa asubuhi.

Nimesoma kwamba katika nchi nyingine watu hufunga vihisi vidogo vinavyounganishwa na waifai, na kimoja kikigundua moshi au gesi, ujumbe humfikia mwenye nyumba kwenye simu popote alipo. Ningependa kujua kama mpango wa namna hiyo unaweza kufanya kazi mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa na intaneti ni ya mega za kununua, na kama unaweza, nianze na kihisi kipi. Hapa dukani nimeona chombo kimoja cha ukubwa wa kiganja ambacho boksi lake linadai kwamba kinapima moshi, gesi na hewa chafu ya kila aina kwa pamoja. Bei yake inavutia mno, na hiyo ndiyo inayonitia shaka.

FundiRedio (Goma)

Ndugu, shaka yako ni ya haki. Kabla ya kuzungumzia waifai na simu, tutenganishe kwanza hatari zenyewe, maana nyumbani kwa mama kuna hewa tatu zisizofanana, na kihisi cha moja ni kipofu kwa nyingine.

Ya kwanza ni kaboni monoksidi inayotoka kwenye makala. Uzito wake unakaribiana na ule wa hewa ya kawaida, kwa hiyo inaenea chumba kizima, na kihisi chake kinafaa kuwekwa chumbani kwenye usawa wa kichwa cha mtu aliyelala au aliyeketi. Ya pili ni gesi ya chupa, yaani butani na propani, ambayo ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka chini, na kihisi chake hukaa karibu na jiko, kama sentimita 30 juu ya sakafu. Ya tatu ni mazuku, ambayo ni kaboni dioksidi inayopenya kutoka ardhini na ambayo ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa. Hujikusanya mabondeni na katika nyufa za mawe, hasa usiku na alfajiri wakati upepo umetulia, na ndiyo sababu wanaoathirika kwanza ni wanyama na watoto. Mjukuu anayelala sakafuni ndiye aliye karibu nayo kuliko wote, na kabla ya kununua kihisi chochote ningeomba apatiwe kitanda chenye miguu mirefu.

Sasa niseme juu ya hii ya tatu kwa kirefu, kwa sababu hapo ndipo watu hupoteza fedha na, kibaya zaidi, hupata usalama wa uongo. Vyombo vingi vya bei nafuu vinavyoonyesha namba ya kaboni dioksidi haviipimi kabisa. Vinapima mvuke wa vitu kama rangi, manukato, pombe na jasho, kisha vinakisia kaboni dioksidi kwa kudhani kwamba penye mvuke huo pana watu wanaopumua. Katika ofisi, kisio hilo linaweza kukaribia ukweli. Kwa mazuku halina maana yoyote, kwa kuwa hewa inayotoka ardhini haina manukato wala jasho la mtu, na chombo kitaendelea kuonyesha rangi ya kijani. Kihisi kiitwacho MQ-135, ambacho wanafunzi wetu hukipenda, kinaingia katika kundi hilo la kubahatisha. Unachohitaji ni kihisi kinachotumia mwanga wa infraredi, kwa sababu kaboni dioksidi hufyonza sehemu fulani ya mwanga huo na kihisi hupima kiasi kilichofyonzwa.

Hata hicho cha infraredi kina mtego wake. Aina nyingi, MH-Z19B ikiwa mfano mmoja, zimetengenezwa zijirekebishe zenyewe: kila baada ya saa 24, kihisi huchukua kiwango cha chini kabisa kilichosomwa na kukihesabu kuwa hewa safi ya nje, yaani sehemu 400 kwa milioni. Aliyebuni utaratibu huo alifikiria majengo ambayo watu huondoka jioni na hewa ikasafika. Kiweke kihisi hicho katika chumba cha chini Kyeshero, ambamo hewa inaweza isisafike mchana kutwa, nacho kitajifunza kwamba hewa mbaya ndiyo safi. Kadiri mazuku yanavyozidi kukaa ndivyo kitakavyozidi kunyamaza. Utaratibu huo unaweza kuzimwa kwa amri katika programu, na kwa nyumba ya mama ni lazima uzimwe, kisha kihisi kipelekwe mara kwa mara mahali pa juu penye upepo ili kirekebishwe kwa mkono. Kumbuka pia kimo chetu: Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kihisi ambacho hakikuambiwa hivyo kitasoma pungufu kwa karibu sehemu moja ya sita.

Kuhusu kiwango cha kupiga kengele, usiweke chini mno. Hewa ya nje ina sehemu zaidi kidogo ya 420 kwa milioni, lakini chumba kidogo chenye watu watatu na dirisha lililofungwa kinaweza kufika 2,000 au 3,000 alfajiri kwa pumzi zao tu. King'ora kilichowekwa 1,500 kitalia kila usiku, na wiki haitaisha kabla wajukuu hawajakifunga kwa kitambaa. Mimi ningeweka 5,000, ambacho ndicho kiwango ambacho nchi nyingi hukiruhusu kazini kwa saa 8. Kiwango kinachohesabiwa kuwa hatari ya papo hapo ni 40,000, kwa hiyo nafasi ya kutoka bado ingekuwepo. Vihisi vingi vya nyumbani havisomi zaidi ya 5,000 au 10,000, nalo si kosa kwa kazi ya kuonya, ila asitokee mtu akaiangalia namba hiyo ili aamue kama anaweza kuingia: kihisi kilichofika mwisho wa kipimo chake hakiwezi kutofautisha 10,000 na 100,000.

Ukiwa na uwezo wa kununua viwili, weka kimoja sentimita 20 juu ya sakafu na kingine kwenye usawa wa bega. Vikipanda pamoja, huenda ni pumzi za waliolala. Cha chini kikipanda peke yake, hewa inatoka ardhini, na hapo kompyuta ndogo inayovisoma vyote viwili inaweza kupiga king'ora hata kabla ya 5,000.

MuuguziWaZamu (Bukavu)

Ninamshukuru Papa Fundi kwa maelezo yake, na ninaomba niongeze machache kutoka upande wa wagonjwa.

Makala yaliyoiva vizuri, mekundu, bila moshi, ndiyo yanayowadanganya watu wayaingize chumbani wakati wa baridi ya msimu wa mvua. Kihisi cha moshi hakitasema lolote hapo, kwa kuwa moshi hakuna, ilhali kaboni monoksidi inaendelea kutoka, na hiyo hujishika kwenye damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, na kwa sababu hapa kwetu dalili hizo ni za kila siku, familia hudhani ni malaria. Swali ninalowauliza ni kama watu wawili au watatu wa nyumba moja wameanza kuumwa kichwa saa ileile, na kama kinapungua wakitoka nje. Jibu likiwa ndiyo, wasirudi ndani, na wapelekwe kituo cha afya chenye oksijeni.

Kwa kihisi cha kaboni monoksidi, tafuta kilichotengenezwa kwa kufuata kanuni ya Ulaya EN 50291. Chini ya kanuni hiyo, kihisi hulia ndani ya dakika 3 hewa ikifika sehemu 300 kwa milioni, kati ya dakika 10 na 40 ikiwa ni 100, na baada ya saa moja hadi saa moja na nusu ikiwa ni 50. Ninayataja hayo kwa sababu wengine hudhani kihisi kimeharibika wanapopitisha babula karibu nacho na kikanyamaza. Kinahesabu kiwango pamoja na muda, kama mwili unavyofanya.

Jambo la pili ni la kufundishwa kabla ya kengele ya kwanza kulia. Katika ajali za mazuku, anayekwenda kuokoa huweza kuanguka juu ya yule anayeokolewa, kwa sababu kuinama kumwinua mtoto ni kukiingiza kichwa chako ndani ya ile hewa. Hewa ikizidi asilimia 10 ya kaboni dioksidi, mtu huweza kupoteza fahamu kwa muda unaokaribia dakika moja. Sentineli aagizwe afungue milango na madirisha kutoka nje, pande zote mbili, na aite watu. Asiteremke kwenye lile bonde kufuata mbuzi wala mtu. Desturi ya kushusha mshumaa pia isitegemewe: mwali huzimika kiwango kikiwa tayari kimekipita kile kinachomdhuru binadamu, na katika nyumba yenye chupa ya gesi mshumaa huo ni hatari nyingine.

MbaoZaKadutu (Bukavu)

Mimi nitasema juu ya moto, kwa sababu wenzangu wamezungumza juu ya hewa kana kwamba nyumba ya mbao haiungui. Sisi wa Kadutu tunaujua moto unaoruka kutoka nyumba hadi nyumba kwenye mteremko kabla watu hawajapata hata ndoo. Katika nyumba kama ya mama, kihisi cha moshi kinachotumia mwanga kiwekwe darini mwa chumba cha kulala na kingine kwenye ukumbi. Jikoni usikiweke, kwani kitalia kila babula inapowashwa. Jikoni weka kihisi cha joto, ambacho huamka hewa ya darini ikifika nyuzi kama 58.

Lakini nina pingamizi kwa wazo lenyewe. Ndugu yetu yuko Lubumbashi, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Kyeshero. Simu yake ikilia saa nane usiku, atafanya nini zaidi ya kumpigia mtu aliyeko Goma? Basi mtu huyo ndiye apigiwe kwanza. King'ora cha kawaida cha nyumbani hutoa sauti ya desibeli 85 hivi ukiwa mita 3 kutoka kwacho, na sauti hiyo inamwamsha aliyelala chumba hichohicho. Jirani hataisikia mvua ikipiga bati. Ningenunua ving'ora vinavyoitana kwa redio, kimoja kichomoke na kwenda ukutani mwa jirani na kingine kibandani mwa sentineli, ili kimoja kikilia vyote vilie. Mkuu wa nyumba kumi ajulishwe, majirani wakubaliane nani analeta mchanga na nani anawatoa watoto. Fedha za kulipia mega ziende huko. Intaneti siioni kazi yake hapa.

JuaNaBetri (Goma)

Ndugu wa Kadutu, ninakubaliana nawe kwamba king'ora lazima kilie chenyewe bila kuomba ruhusa kwa intaneti, na majirani waje kabla ya simu ya Lubumbashi. Siwezi kukubali kwamba mtandao hauna kazi. Kazi yake kubwa, kwa maoni yangu, ni kugundua kwamba kihisi kimekufa. Betri huisha, mjukuu huchomoa waya ili achaji simu, buibui hujenga ndani ya kihisi cha moshi, na nyumba inaendelea kuamini kwamba inalindwa. Mpango mzuri ni ule ambao kila kihisi hutoa ishara fupi kila baada ya muda uliopangwa kwamba kiko hai, na ishara zikikosekana, kimya chenyewe kihesabiwe kuwa taarifa. Hilo ndugu yetu anaweza kulishughulikia vizuri kabisa akiwa Lubumbashi, mchana, bila haraka, kwa kumwomba fundi apite nyumbani.

Kuhusu namna ya kuunganisha: usichague mfumo ambao akili yake yote iko kwenye seva ya kampuni ng'ambo ya bahari. Hata huko Marekani watu waliwahi kuachwa. Mwaka 2016 kampuni ya Nest ilizizima seva za Revolv, kifaa cha kuunganisha vyombo vya nyumbani, na vifaa ambavyo watu walikuwa wamevinunua vikabaki maganda. Ipo programu huria iitwayo Home Assistant inayofanya kazi kwenye kompyuta ndogo iliyomo ndani ya nyumba, na vihisi vinaweza kuongea nayo kwa waifai ya ndani au kwa Zigbee (redio ya masafa mafupi) hata modemu ikiwa haina mega. Kwa kutoa taarifa nje, ongeza kifaa cha simu chenye laini yake, ambacho kitapiga na pia kutuma ujumbe mfupi kwa zamu: sentineli, jirani wa kwanza, jirani wa pili, kisha wewe. Kupiga ni bora kuliko ujumbe, kwa sababu ujumbe haumwamshi mtu. Laini yenyewe itiwe salio mara kwa mara ili isifungwe, na kama inawezekana ziwe laini mbili za mitandao tofauti.

Umeme ndio unaoangusha mipango mingi. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 7, ile ya pikipiki au ya kengele, ina wati-saa 84 kwenye karatasi. Kwa kuwa ya aina hiyo haipendi kukamuliwa zaidi ya nusu, zihesabu 42. Modemu na kompyuta ndogo zikitumia wati 10 kwa pamoja, una saa nne tu, na Goma tunakaa gizani zaidi ya hapo. Unahitaji betri kubwa zaidi na paneli ya sola, au uiache modemu izimike na ubakize kompyuta, vihisi na kifaa cha simu. Angalizo dogo kwa atakayeunganisha: vifaa vingi vya simu vya kizazi cha pili huvuta hadi ampea 2 kwa mshtuko vinapotafuta mnara, na chaja dhaifu itavifanya vizime wakati uleule wa kupiga simu.

MbaliNaKivu (Lubumbashi)

Nimesoma yote na kuyasoma tena pamoja na yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, ambaye atasafiri kwenda Goma. Chombo cha dukani nimekiacha. Kitanda cha mtoto kinatengenezwa na seremala wa mtaani. Kwa fedha nilizonazo ninaweza kuanza na kihisi cha kaboni monoksidi chumbani, kihisi kimoja cha infraredi karibu na sakafu, cha moshi kwenye ukumbi, na ving'ora viwili vinavyoitana, kimoja kwa sentineli. Kifaa cha simu kitafuata baadaye. Je, mpangilio huo una kasoro kubwa? Na mtu aliye nyumbani atajuaje kwamba kila kimoja kinafanya kazi, bila kusubiri ajali? Halafu mama anauliza kama vihisi hivi vitamwambia pia volkano ikitaka kulipuka, maana mwaka 2021 walikimbilia Sake wakiwa na nguo walizovaa tu.

FundiRedio (Goma)

Nianze na la mama: hapana. Nyiragongo huchunguzwa kwa mitambo ya mitetemo na vituo vya OVG, taasisi ya Goma inayochunguza volkano, na kihisi cha chumbani hakiwezi kusema lolote juu ya lava. Afuate rangi za tahadhari zinazotangazwa mjini, na begi la karatasi muhimu likae karibu na mlango.

Mpangilio wako ni mzuri kwa mwanzo. Kasoro ninayoiona ni jiko la gesi kubaki bila kihisi. Hadi kitakapopatikana, chupa ikae nje ya nyumba penye hewa, mbali na lile bonde, na ifungwe kila baada ya kupika.

Kwa majaribio, cha moshi na cha kaboni monoksidi vina kitufe. Yaya akibonye, na ahakikishe kwamba king'ora cha sentineli nacho kimelia, mchana mmoja na usiku mmoja wa mvua. Kitufe hupima kengele na betri, hakipimi uzima wa kihisi chenyewe, kwa hiyo tarehe ya mwisho iliyochapishwa nyuma iheshimiwe hata kama kitufe bado kinalia. Asijaribu kihisi cha kaboni monoksidi kwa kufungia babula chumbani. Cha infraredi ni rahisi: pumzi tunayoitoa ina kaboni dioksidi karibu asilimia 4, yaani sehemu 40,000 kwa milioni. Akifunike kwa kikombe na kupuliza polepole ndani yake mara kadhaa, namba inapaswa kufika 5,000 na king'ora kulia, kisha akiondoa kikombe, namba ishuke taratibu hadi ilipokuwa. Isiposhuka wakati madirisha yote yako wazi, anitumie ujumbe hapa kabla ya watoto kulala humo.